Si Mlima, Wala Si Joto

Naro Moru,
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpendwa Wakesho,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako Nyambura. Hujambo? Usijibu haraka kama ulivyozoea. Iulize kwanza miguu yako, kisha kifua chako, ndipo unijibu. Sisi huku tu wazima. Mvua ilichelewa, halafu ikaja yote kwa pamoja, na viazi vya wifi yako vimestawi upande wa juu wa shamba na kuoza upande wa chini. Mlima tumeuona asubuhi chache tu mwezi huu. Wakati mwingi umejifunika, na baridi yake inatufikia hadi jikoni.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikikaribia jambo lenyewe unacheka, unaniuliza bei ya viazi, kisha unasema kuna mtu anabisha hodi. Karatasi huwezi kuikatiza. Ikikuchosha iweke chini, upumzike, lakini uimalize.

Mkawasi alinipigia juzi. Najua ni mkwe wako na kwamba hukumtuma, kwa hiyo usimgombeze kabla hujafika mwisho. Aliniambia siku hizi unalala umeketi kwenye kiti cha sebuleni. Ukienda sokoni unasimama njiani kila baada ya nyumba mbili tatu, unajifanya unasalimia watu. Ikifika jioni viatu havikuingii tena, unatembea kwa ndala. Akasema yote hayo unayaita joto la Voi, na unene. Nilipoyasikia nilivuta kiti nikakaa, maana ilikuwa kama mtu anayenisimulia maisha yangu mwenyewe ya miaka miwili iliyopita. Tofauti ni moja tu: wewe unalisingizia joto, mimi niliusingizia mlima.

Acha nikueleze yaliyonipata tangu mwanzo, kwa sababu simu ilikupa vipande vipande tu, na vingine nilivificha nisikutie hofu.

Unakumbuka kwamba nilipostaafu ualimu mjini Nyeri tulihamia huku Naro Moru, kwenye shamba ambalo Nyambura aliachiwa na baba yake. Huku ni juu zaidi kuliko Nyeri. Mwaka wa kwanza nilikuwa napanda kilima cha kanisa bila hata kukifikiria. Baadaye nikaanza kusimama katikati, kwenye lango la jirani yetu Kariuki. Huyu zamani alikuwa mpagazi, akiwabebea wageni mizigo kupanda mlima. Alinizoea kila Jumapili nimeshika nguzo ya lango lake, namlazimu aniamkie.

"Mwalimu, mimi nimepandisha wazungu wazee, wako na fimbo mbili mbili, mpaka kwa theluji," alikuwa akiniambia. "Na wewe unashindwa na kilima ya kanisa?"

"Nimechoka kidogo tu."

"Hiyo si kuchoka. Damu yako ni ya huko chini kwa joto. Hii hewa ya juu bado haijakuzoea."

"Kariuki, nimeishi upande huu tangu nikiwa kijana."

"Sasa? Kwani hewa iko na haraka ya nini?"

Tulicheka, na jibu lake nikalichukua nikaenda nalo. Lilinifaa. Mtu aliyeishi ugenini miaka mingi ana kisingizio ambacho wenyeji hawana: kila kinachomsumbua hukipa jina la mahali. Nilipokohoa, nilisema ni ukungu. Nilipoishiwa pumzi, nilisema ni hewa nyembamba. Moyo ulipoanza kudunda ovyo, mara haraka, mara ukisita, nikasema ni kahawa, nikaacha kahawa. Mto mmoja wa kulalia ukawa miwili, ikawa mitatu, nikasema ni uzee. Na wewe kila ukinisikia nahema kwenye simu ulisema, "Rudi nyumbani, kaka. Shuka huku upumue." Basi nikaiweka Voi akilini kama dawa niliyoihifadhi kabatini, nitakayoinywa siku mambo yakizidi.

Siku moja tukaenda Kutus. Mpwa wa Nyambura alikuwa anapeleka mahari, nasi tulikuwa upande wa bwana harusi. Kutus iko chini, kuna joto, na mashamba ya mpunga hayako mbali. Garini nilijisifu. "Leo utaniona nilivyo," nilimwambia Nyambura. "Hii ndiyo hewa ya watu."

Desturi ya huku ni kwamba wageni hawaingii vivi hivi. Mnazuiliwa langoni, mnaimba, wenyeji wanawajibu kwa nyimbo, wanataka kitu kidogo cha kufungua lango, mnabishana kwa utani mpaka mnakubaliana. Kisha mnaingia mkicheza, wazee mbele. Mimi wakaniweka mbele kabisa, kwa sababu ya mvi. Kutoka langoni hadi kwenye hema palikuwa na mwinuko mdogo sana, hata maji yangefikiri mara mbili kabla ya kuuteremka. Sikufika hata nusu. Kifua kilibana kama nimefungwa mkanda, nikaona kreti ya soda pembeni ya njia, nikaikalia. Msafara wote ukasimama nyuma yangu.

Bibi mmoja wa upande wa bibi harusi akapiga kelele za furaha. "Woi! Huyu mzee wao amegoma! Ati kitu ya lango tuliitisha ni nyingi, amekaa chini!"

"Mzee, simama, tutapunguza!" mwingine akaitikia, na wanawake wakaanza kuniimbia wimbo wa kunibembeleza. Watu walicheka sana. Kijana wetu aliyekuwa msemaji alidhani nimebuni mbinu, akaninong'oneza, "Kaa hapo hapo, Mwalimu, watashuka zaidi." Nami nikakaa, kwa kuwa sikuwa na uwezo mwingine. Wakashusha kweli. Mpaka leo, kwenye ukoo ule, nasifiwa kwa ujanja.

Nyambura peke yake hakucheka. Alinijia mbele, akainama kama anayenirekebisha kola, akaniangalia midomo.

"Baba Mghoi," aliniambia polepole, "hapa hakuna mlima."

Wiki iliyofuata alinipeleka hospitali mjini Nyeri. Daktari alikuwa dada mmoja kijana, asiye na maneno mengi. Aliniweka kile chombo chake kifuani akasikiliza muda mrefu, kisha akanilaza kwa ubavu wa kushoto akasikiliza tena. Alipomaliza hakuniuliza habari za mlima wala kahawa. Aliuliza, "Mzee, ukiwa mtoto uliwahi kuumwa na koo, halafu viungo vikavimba?"

Wakesho, papo hapo nilituona sote wawili kwenye mkeka mmoja. Wewe ulikuwa hujaanza shule. Koo zilituuma pamoja. Baada ya muda goti langu likavimba, likapona, ukafuata mkono, ukapona, likafuata goti la pili, kana kwamba uvimbe ulikuwa unatembelea nyumba kwa nyumba. Wewe uliumwa zaidi yangu. Mama alikuwa akikubeba kwenda msalani. Alitusugua mafuta ya moto, tukapona, tukarudi kucheza, na jambo likaisha. Sisi tuliona limeisha.

Daktari alinieleza kwamba ile ni homa inayoanzia kwenye koo. Mwili unapopigana na vijidudu vya koo, kwa watoto wengine hukosea ukaupiga na moyo wenyewe. Ndani ya moyo kuna vali nne, ambazo ni kama milango midogo inayopitisha damu upande mmoja na kuizuia isirudi. Homa ile huiachia milango hiyo kovu. Kovu halina haraka. Hukaza kidogo kidogo miaka na miaka, mpaka mtoto yule akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, ndipo mlango unakuwa haufunguki vizuri, au haufungi, na damu inasongamana nyuma yake kwenye mapafu. Ndiyo maana mtu anakosa pumzi akipanda kilima, ndiyo maana hawezi kulala chali, ndiyo maana miguu inavimba. Wakanipima kile kipimo cha eko, kinachofanana na kile wanachopimiwa wajawazito ila hiki ni cha kifua, nikaiona vali yangu kwenye kioo. Ilikuwa nene na ngumu, ikifunguka kwa shida kama dirisha la mbao lililolowa mvua.

Halafu akaniuliza, "Una ndugu aliyeugua nawe?" Nikamtajia wewe. Akasema, "Naye asikilizwe kifua." Siku ile ile nilikupigia, nawe ukanijibu, "Mimi sina mlima huku, kaka. Nina joto tu." Ukacheka, nami nikacheka.

Kwanza walinipa vidonge vya kutoa maji mwilini na vya kutuliza mapigo, na kweli nilipata nafuu, nikarudi kwenye mto mmoja. Lakini vidonge haviilainishi vali. Kuna wagonjwa wanaoingiziwa puto dogo kupitia mshipa wa paja, likafika kwenye moyo, likajazwa, mlango ukapanuka bila kifua kupasuliwa. Nililitamani sana hilo puto. Daktari wa Nairobi, nilikotumwa baadaye, akaniambia nimechelewa: vali yangu ilikuwa imekwisha kuwa kama gamba, na tena ilikuwa inavuja. Nisomee sentensi hiyo mara mbili. Wapo wanaofika mapema wakasaidiwa kwa jambo dogo, nami sikuwa miongoni mwao.

Basi nikapasuliwa, nikawekewa vali ya kutengenezwa. Sebuleni kukiwa kimya inasikika, inagonga tik, tik. Kariuki alipokuja kunijulia hali alitega sikio akasema, "Mwalimu, sasa uko na saa ndani. Usiwahi niuliza tena ni saa ngapi."

Sasa yafuatayo ndiyo niliyokuficha.

Vali ya namna hii inataka damu isigande ovyo juu yake, kwa hiyo kila jioni nameza kidonge cha kuifanya damu iwe nyepesi, na nitakimeza maisha yangu yote. Damu ikiwa nzito kupita kiasi, donge linaweza kujijenga kwenye vali, likakatika, likapanda kichwani. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, mtu anavuja damu. Kwa hiyo naenda kliniki kupimwa, na kipimo lazima kikae katikati. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeyaelewa hayo yote vizuri. Mimi ni mtu wa kusoma, nilisoma karatasi zote walizonipa.

Lakini huku, mtu akitoka hospitali, kina mama wa kanisa huja na chakula. Si mara moja. Wanapokezana. Na mtu aliyepasuliwa, aliyepoteza damu, analetewa mukimo, yaani viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja na majani mpaka vikawa kijani. Wa mgonjwa haufanyiwi ubahili. Unatiwa majani ya malenge, unatiwa mchicha, na juu ya yote unatiwa thabai, yale majani yanayowasha ukiyagusa mabichi, ambayo huku kila mtu anajua yanaongeza damu. Kiongozi wao, Mama Wanjohi, alikuwa ananisimamia kama mwanafunzi.

"Kula, Mwalimu. Wacha aibu ya watu wa pwani." Kwao, kila anayetoka ng'ambo ya Mtito Andei ni mtu wa pwani. "Damu ilimwagika huko Nairobi, hii thabai itarudisha yote."

"Mama Wanjohi, nimeshiba."

"Umeshiba na nini? Hata sufuria haijajua kama uko hapa!"

Nikala. Kukataa ni kumwambia mtu kwamba upendo wake ni mchafu. Nikala asubuhi, nikala jioni, nikaona kweli nanenepa, na Nyambura akawa anayachuma majani ya thabai mwenyewe kando ya mto siku ambazo kina mama hawakuja.

Asubuhi moja nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Kikaanguka. Niliutazama mkono wangu wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. Nikataka kumwambia Nyambura alete kitambaa, mdomoni kukatoka uji mtupu, hakuna neno. Nilikuwa najua kabisa ninachotaka kusema. Hofu niliyoipata pale siwezi kukuandikia. Kabla gari halijafika mkono ukarudi, na maneno yakarudi, nikamwambia, "Imekwisha, tusiende."

Akasema, "Ingia gari."

Kipimo kilionyesha damu yangu inaganda haraka kama ya mtu asiyemeza dawa kabisa. Daktari yule yule dada aliniangalia kwa huzuni.

"Mzee, umeacha dawa?"

Nyambura aliruka kabla sijafungua kinywa. "Daktari, hiyo dawa ni mimi namwekea kwa mkono! Namwangalia akimeza. Mpaka namwambia afungue mdomo nione kama ameificha kwa shavu!"

Daktari akakaribia kucheka. "Sawa, mama. Na anakula nini?"

Wifi yako akajinyoosha kwenye kiti. Hilo alilitaka. Akataja majani ya malenge, akataja mchicha, akataja sukuma wiki, na alipofika kwenye thabai daktari aliweka kalamu chini.

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Si ni ya kuongeza damu?"

Ndipo tukaelezwa. Majani ya kijani yana kitu kinachousaidia mwili kugandisha damu, na kidonge changu kinafanya kazi kwa kukipinga kitu hicho hicho. Si sumu, na hatukuambiwa niyaache. Tuliambiwa nile kiasi kile kile kila siku, ili kipimo cha dawa kiweze kuyafuata. Kosa lilikuwa kwamba nilitoka hospitali nikiwa nimepimiwa dawa ya mtu anayekula kwa kiasi, nikaangukia kwenye mapenzi ya Mama Wanjohi. Nilikaa wodini nikichomwa sindano mpaka damu ikarudi mahali pake. Donge lililopita kichwani lilikuwa dogo, likapita. Lingine lingeweza kukaa.

Niliporudi, Nyambura aliwaita kina mama akawaeleza. Mama Wanjohi akasema, "Kwa hivyo tumekuwa tukimuua na mukimo?"

"Hapana, mlikuwa mnampenda bila kupima."

"Sasa tumletee nini?"

"Kiazi. Kiazi hakina siasa."

Tangu siku hiyo nala upawa mmoja wa mboga, na kipimo kimetulia. Ninakwenda kliniki, nasafisha meno kwa bidii kwa sababu uchafu wa meno unaweza kuingia kwenye damu ukaishambulia vali, sinunui dawa za maumivu za dukani, na kilima cha kanisa nakipanda bila kushika nguzo ya mtu.

Sasa wewe. Sisemi kwamba una ugonjwa wangu. Mimi si daktari, na huenda ni shinikizo la damu au jambo jingine kabisa. Ninachosema ni kwamba uliugua homa ile ile, zaidi yangu, na sasa unafanya yote niliyokuwa nikiyafanya. Mkawasi alisema pia kwamba ulinunua dawa ya pumu kwa ushauri wa jirani, na kwamba unameza vidonge vya maumivu kwa ajili ya magoti. Viache mpaka uonwe. Nenda hospitali hapo Voi, na usimwambie daktari habari za joto. Mwambie hivi: nilipokuwa mtoto niliumwa koo, kisha viungo vikavimba kimoja baada ya kingine, sasa siwezi kulala chali, na kaka yangu aliyeugua nami amebadilishwa vali ya moyo. Hata akisema hasikii kitu, omba eko. Na ukizimia, au ukiamka pumzi imekatika kama mtu anayezama, au mkono ukilegea na mdomo kupinda, hata kwa dakika moja, usingoje ipite. Mkawasi akupeleke saa ile ile.

Uliwahi kuniambia, "Nikipimwa nitakuwa mgonjwa." Nakuelewa. Mimi pia niliogopa jina. Lakini vali haingoji kupewa jina ndipo ikaze.

Na jambo la kurudi. Miaka yote nimekuwa nikikuahidi kwamba nitarudi Voi nikapumzike hapo, nawe umekuwa ukiningoja. Sitarudi kuishi, Wakesho. Kliniki yangu iko huku, kaburi langu nadhani litakuwa huku, na nimekaa huku zaidi ya mara mbili ya miaka niliyokaa huko. Hata hivyo, watu wakiniuliza kwetu ni wapi, sifikirii nyumba wala stesheni wala ile milima nyuma ya mji. Baba na mama hawapo. Nikisema kwetu, ninamaanisha wewe. Ukienda wewe, nitakuwa mtu wa pwani kama Mama Wanjohi anavyosema, asiye na pwani.

Kipimo kijacho kikiwa kizuri, daktari amenikubalia safari fupi. Nitakuja. Ukiwa umekwisha kusikilizwa, tutakaa nyumbani tuzungumze mpaka unichoke. Ukiwa bado, sitaingia ndani. Tutaondoka mlangoni kwenda hospitali, na tutapanga foleni wote wawili.

Nisalimie Mkawasi, mkwe aliyekuwa na ujasiri wa kukusemea, na mwanao Mwandawiro, amshukuru Mungu kwa mke huyo. Nisalimie shangazi yetu wa Wundanyi ukipata mtu wa kupanda huko, na yule mama jirani mwenye dawa ya pumu, kwa upole. Mghoi, binti yangu, anakuamkia.

Nyambura ameisoma barua hii yote nikiwa natafuta bahasha. Amesema niongeze neno lake, nami naliandika kama alivyolitamka: "Mwambie wifi yangu mimi sijui kulia matanga na Kitaita chenu, na sitaki kufundishwa. Aende hospitali."

Ni mimi kaka yako,
Mwakio